Atakayetembea Nyuma

9 Februari

Wifi Dobi,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako na kwangu pia. Sisi wazima. Mama anakohoa asubuhi tu, na anasema hicho si kikohozi, anasafisha koo kabla ya kuanza kunigombeza. Ananiambia nikuulize kama bado unalala na soksi. Karakana bado tunashona maturubai ya malori. Bosi ameleta cherehani mpya, lakini mimi nimekataa kuhama kwenye ile yangu ya zamani, ingawa inakoroma. Nimeizoea, kama mtu anavyozoea mume.

Nimeandika neno hilo kisha nikaiweka kalamu chini kidogo. Sasa naendelea.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu, kila nikimtaja kaka yako, mtandao wako unaharibika. Barua haina mtandao. Utaisoma yote.

Wifi, nataka kupanda mlima wenu kiangazi hiki. Najua unacheka. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nawafungia mkate na mayai ya kuchemsha. Kaka yako anavaa viatu vyake vya kupandia nguzo za umeme, anapanda basi kuja kwako, mnakwea ninyi wawili, anarudi baada ya wiki na pua iliyobabuka. Kila mwaka aliniambia, "Twende, mke wangu." Kila mwaka nikamwambia, kazi nyingi, labda mwakani. Nami sikumdanganya. Kazi zilikuwa nyingi.

Mwaka jana, wiki ile ya Agosti mliyozoea kupanda, alikuwa ameshatutoka tangu Aprili. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango. Sikujua kwa nini nakaa pale mpaka ilipofika siku ambayo angerudi, nikajikuta nasikiliza viatu kwenye ngazi. Mama alikuwa kwenye kiti kingine. Kila mtu alipopita kwenye ngazi, sote wawili tuligeuza shingo.

Wifi, sitaki wiki ile inikute tena kwenye kile kiti. Hiyo ndiyo shida yangu yote, sina nyingine.

Njia unaijua wewe. Kaka yako alisema kuna malisho ya kondoo kando ya kijito, ambako mtu hupiga hema bure, bila kuulizwa kiingilio. Niambie kama bado tunaruhusiwa. Tena niambie habari za ule Ukingo, karibu na kilele, penye bonde huku na bonde huku. Huwa mnaupitaje?

Mama atakaa na jirani yetu mkunga wiki hiyo. Wanapenda kusengenya pamoja, hata hawatajua kama nimeondoka.

Wifi yako,
Fundi


28 Machi

Wifi Fundi,

Barua yako niliipata siku nyingi, usidhani posta wameila. Niliisoma, nikaitia kwenye mfuko wa aproni nipate kuijibu jioni, kisha nikaifua. Ndiyo, cheka. Mimi mwenyewe ninayewafokea wasichana wote humu, "Kagueni mifuko kabla ya kutumbukiza!" Iliyotoka kwenye mashine ilikuwa uji. Bahati nilikuwa nimeshaishika kichwani.

Huku hatujambo. Hoteli imepata wageni wa mapema, wanashuka mlimani na suruali zenye tope mpaka kiunoni, wananiuliza, "Zitatoka?" Nawaambia, tope litatoka, suruali ndiyo sina hakika. Mwambie mama soksi nalala nazo, na aache wivu.

Sasa kuhusu safari. Nakupenda, wifi, ndiyo maana nakwambia kweli. Daraja la mbao limechukuliwa na mto. Agosti hoteli hufurika na Meneja hatoi likizo hata ukijifungua mapacha. Goti langu la kushoto linalia kama bawaba. Mchunga kondoo mwenye malisho amenunua mbwa mkubwa kama ndama, asiyependa wageni. Halafu wewe, ukipanda ngazi za nyumba yako tu unapumzika njiani mara mbili. Mlima je? Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Na usisahau, miaka yote hiyo ni mimi niliyekuwa namvuta kaka. Urefu wote ule ulikuwa mzigo tu. Bila mimi asingefika hata nusu ya njia. Nimevuta mmoja, nimechoka. Siwezi kuanza kuvuta mwingine.

Njoo kwangu ukae, ule, ulale. Mlima utauona dirishani.

Wifi yako,
Dobi


14 Aprili

Wifi Dobi,

Tumepokea barua yako, mama amecheka habari ya kufua barua mpaka kikohozi chake kikapata kazi ya kweli. Anasema ulipokuwa mtoto ulifua kuku. Sikujua. Amenieleza yote, na maskini kuku.

Juzi umetimia mwaka. Hatukufanya kitu. Mama alifungua dirisha la chumba chake asubuhi, akalifunga jioni. Mimi nilikwenda kazini. Wewe hujawahi kuniuliza habari za siku ile, nami sijawahi kukusimulia. Leo pia sitaki. Nimeitaja tu ili ujue kwamba najua.

Sasa nakujibu moja moja.

Daraja: mchunga kondoo hawezi kuacha kondoo wake upande mmoja na nyasi upande wa pili. Mpaka Agosti atakuwa ameweka hata magogo. Meneja: mwombe sasa, wageni bado wachache na moyo wake bado mweupe. Goti: nimekushonea mkanda kwa turubai laini, umo ndani ya bahasha hii. Vifungo vikae kwa nje, usivilaze ndani. Mbwa: nitakuja na mifupa.

Kuhusu ngazi, wifi, hapo umenipata. Kwa hiyo kila nikitoka kazini napanda mpaka juu kabisa, nashuka, napanda tena, nimebeba mfuko wa viazi mgongoni. Siku ya kwanza niliona nyota. Jirani wa chini alinifungulia mlango akaniuliza, "Mama, unahama au unahamia?" Nikamwambia najiandaa kupanda mlima. Akaufunga mlango taratibu, kama unavyofanya mbele ya mgonjwa. Sasa wiki hii nimepanda bila kupumzika, nikapita mlangoni kwake nikiimba makusudi.

Lakini wifi, mimi nilikuuliza habari za Ukingo, wewe ukanijibu habari za mbwa. Kaka yako alisema pale hupiti sambamba, anatangulia mmoja na mwingine anafuata. Ni parefu kiasi gani? Upepo ukija mnafanyaje?

Nitakuja Agosti. Ukipanda nami nitafurahi. Usipopanda nitauliza njia, kuuliza si ujinga. Nimeshaamua.

Wifi yako,
Fundi


2 Juni

Wifi Fundi,

Mkanda wa goti umenitosha. Asante. Nimekasirika sana kwamba umenitosha.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi, na mambo mengine.

Meneja ametoa likizo. Sikumwambia habari za mlima, nilimwambia nataka kulala. Daraja wamelitengeneza. Malisho yapo, nimekwenda kuongea na mchunga kondoo mwenyewe. Anasema hema ni bure kama zamani, ila ana masharti yake: moto hapana, takataka unashuka nazo, na lile lango la mbao ulifunge kila ukipita hata kama unarudi sasa hivi, maana kondoo hawajui maana ya "sasa hivi." Mbwa nimemwona. Kumbe ni mzee, amebakiwa na meno ya kuhesabu, akinyanyuka anatafuta pa kulala tena.

Basi njoo. Tutapiga hema, tutachemsha chai kwenye lile jiko dogo la gesi, tutautazama mlima kutoka chini. Si lazima mlima upandwe ndipo uonekane.

Mambo ya Ukingo achana nayo. Ngazi za nyumba na mlima ni vitu viwili, wifi.

Msalimie mama. Mwambie kuku yule alipona.

Dobi


20 Juni

Wifi Dobi,

Mama anasema kuku hakupona, na kwamba yeye ndiye aliyemzika. Nawaachia wenyewe.

Sisi wazima. Joto limeanza, karakana kunanuka nta na mafuta ya cherehani. Bosi ameniruhusu kutumia vipande vilivyobaki, basi nimekuwa nashona hema baada ya kazi. Kitambaa ni kile chepesi cha kijani tunachofunikia mizigo isiyotakiwa kupata unyevu. Mishono nimeirudia mara mbili yote. Hata kabla ya kuweka sakafu, nililijaribu juu ya paa la nyumba. Niliingia ndani, mama akasimama nje na ndoo, nikamwambia, "Mwaga kidogo kidogo, kama mvua." Alimwaga yote kwa mkupuo mmoja, akasema mvua za huko kwao hazijui kidogo kidogo. Halikuvuja.

Jana nikalitandaza kwenye sakafu ya karakana nilipime mara ya mwisho kabla ya kukata sehemu ya mlango. Mwenzangu anayepiga vitundu vya kamba akapita, akasimama, akauliza, "Hili la nani? La twiga?"

Nikatazama. Wifi, mimi sijawahi kukosea kipimo. Lori lolote nikiliona kwa macho naweza kulikatia turubai. Lakini hema nililokusudia la watu wawili, mimi na wewe, nimelikata la watatu. Upana ni wa watatu. Tena urefu si wangu wala wako. Mimi na wewe tukilala humo, miguuni kwetu patabaki nafasi ya kuweka meza. Mkono ulikata urefu aliokuwa nao yeye, nami nilikuwa nausimamia, sikuona.

Mwenzangu yule ni mtu mwema. Alisema, "Si kitu, tunafumua hapa na hapa, tunapunguza, saa moja tu." Akaniletea mkasi.

Mkasi bado uko juu ya meza. Kama fundi najua kinachotakiwa. Hema kubwa ni mzigo kwa mbebaji, na upepo unalipenda. Nimekaa na jambo hili nikaona si langu peke yangu. Wewe ndiye utakayelala upande wa pili. Nikate, au niache?

Nijibu mapema, maana nguo ikiwa nusu nusu mimi silali vizuri.

Wifi yako,
Fundi


28 Juni

Wifi Fundi,

Usikate.

Nimeandika neno hilo kwanza ili usome hilo kwanza. Nitabeba mimi. Liache lilivyo.

Sasa kaa chini, maana baada ya hapa sitarudia, na ukinitania nitachana barua zako zote.

Umeniuliza Ukingo tunaupitaje. Kaka aliupita kama anavyopita mtu sebuleni kwake. Mimi sikuwahi kuupita. Mimi nilipitishwa. Wifi, mimi naogopa mahali pa juu. Si kidogo. Nikipanda kiti kutundika pazia, nashuka kabla ya ndoano ya kwanza. Mwaka wa kwanza kabisa, tulipofika pale nikaona bonde huku na bonde huku, nilikaa chini nikashika majani kwa mikono miwili na kumwambia kaka anirudishe nyumbani. Hakunicheka. Alisema, "Tangulia wewe, mimi nitakuwa nyuma. Tazama visigino vyako tu. Kazi ya kusikiliza uifanye wewe, kazi ya kusema nitaifanya mimi."

Akaanza kusema. Tangu mwanzo wa Ukingo mpaka mwisho hakunyamaza, mwaka ule na miaka yote. Unajua alikuwa anasema nini? Habari zako. Dereva aliyekuletea turubai lenye kuku anayeatamia ndani, ukamshonea na kuku wake kwa sababu hukutaka kumwamsha. Unavyolala na subana ya kushonea kidoleni. Unavyotia chumvi mara mbili kwenye mayai ukiwa umenuna, naye anakula kimya kwa sababu anajua kosa ni lake. Unavyoitukana bobini ya cherehani uzi ukinasa, matusi ya kiungwana, "wewe kitu usiye na wazazi." Mimi nacheka, na nikicheka miguu inasahau inakanyaga wapi. Nikija kushtuka, tumeshapita.

Kwa hiyo hujawahi kupanda, lakini kila mwaka ulipita pale pamoja nasi.

Halafu tukifika kileleni nawaambia watu mimi ndiye niliyemvuta. Naye anatafuna yai lake tu. Nilidhani akirudi huko atakwambia ukweli, mkacheka. Kumbe hakukwambia. Nilijua hivyo nilipoona unaniuliza tunaupitaje.

Sasa nani atasema nyuma yangu? Ndiyo maana nilikwambia habari za mbwa.

Nitakupeleka mpaka mwanzo wa Ukingo. Kuna watu wengi Agosti, nitakuunganisha na wenye adabu, mimi nitakusubiri pale na birika. Usinilazimishe zaidi ya hapo.

Na tafadhali, usimwambie mama.

Dobi


12 Julai

Wifi Dobi,

Kuna jambo nianze nalo. Barua zako zote huwa namsomea mama kwa sauti, tangu zamani, macho yake hayafiki kwenye mwandiko wako. Hii nayo niliisoma hivyo hivyo, bila kuipitia kwanza. Maneno "usimwambie mama" umeyaweka chini kabisa. Nilipofika hapo tulitazamana.

Mama akasema, "Mwandikie, hata chooni alikuwa anasindikizwa na kaka yake, naye alisimama nje akiimba ili dada yake ajue yupo. Anadhani nilikuwa nimelala?" Kisha akaondoka kwenda chumbani kwake, akakaa huko kidogo, akarudi na macho mekundu akidai ni vitunguu. Vitunguu nilikuwa ninavyo mimi.

Sikutanii, wifi. Habari ya kuku anayeatamia ni kweli. Sikujua kwamba ilifika mbali hivyo.

Kila mwaka aliporudi nilimwuliza, "Dada yako alipanda vizuri?" Naye kila mwaka alijibu, "Yule? Ndiye aliyenivuta." Hilo tu. Usimlaumu, na mimi nakushukuru kwa kuniambia sasa.

Sikiliza nilivyoamua. Hema sikulikata. Utatangulia wewe, mimi nitatembea nyuma. Unanijua, mimi si msemaji. Karakana huwa napitisha asubuhi nzima na pini mdomoni, na watu wameshanizoea hivyo. Lakini kushona pia sikuzaliwa nakujua. Sasa hivi kila nikipanda ngazi na viazi vyangu nasema kwa sauti, lolote linalokuja, ili pumzi izoee kupanda na kusema pamoja. Jirani wa chini sasa anaamini nimeharibikiwa kabisa. Ameniletea supu.

Sikulazimishi. Nakwambia tu kwamba nitakuwa nyuma, iwe utasimama, utakaa chini, au utashika majani. Ukisema turudi, tutarudi, hema letu liko chini wala hatudaiwi na mtu. Lakini tutafika mwanzo wa Ukingo sisi wawili, na huko mbele hutaniunganisha na wenye adabu. Mimi nataka wewe, adabu yako naijua.

Wifi yako,
Fundi


25 Julai

Wifi Fundi,

Mwambie mama vitunguu hivyo vipo na huku, nami vimenipata nilipokuwa napiga pasi shuka.

Shuka basi kituo cha mwisho, siyo pale sokoni, watakudanganya. Nitakuwa nimekaa juu ya furushi. Njoo na soksi za sufu jozi za kutosha, kofia, na kitu cha kujifunika mvua. Viatu uwe umeshavivaa sana kabla, vipya vitakuchubua. Mayai nitachemsha mimi, usije na ya kwako yakapasuka kwenye basi.

Sijasema kwamba nitavuka. Nimesema nitabeba hema na birika.

Anza kukusanya maneno.

Dobi


5 Septemba

Wifi Dobi,

Nilifika salama. Basi lilichelewa, nikapanda ngazi jioni na begi langu, viatu vizito, vidole vinauma. Mama alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango. Alisikia viatu. Jirani mkunga ananiambia aligeuza shingo, na safari hii mlango ukafunguka. Nilipoingia alinitazama kwanza miguuni, kisha usoni, akasema, "Pua yako imebabuka." Akanimiminia chai. Sasa ni mzima, kikohozi kimehama, na kila anayekuja anaambiwa mkwe wake amepanda mlima, kwa sauti ya kusikika mpaka chini.

Tulipokuwa hemani hatukusema lolote juu ya pale. Tulikula, tukafunga lango la mchunga kondoo kila tulipopita, tukalala na ile nafasi kati yetu ambayo hakuna aliyeigusa. Nami sikutaka kusema kwa mdomo. Lakini wewe ulikuwa unatazama visigino vyako, hukuona kitu, kwa hiyo nakuandikia nilichokiona mimi niliyekuwa nyuma.

Ulisimama mwanzoni kwa muda mrefu. Watu wawili walitupita, mmoja akasema pole pole akina mama, nawe hukumjibu, jambo ambalo si kawaida yako. Kisha ukasema, "Haya, sema." Nikaanza na bosi na cherehani mpya. Nikasema habari za jirani na supu yake. Nikakusimulia ndoo ya mama, ingawa ulikuwa unaijua, nawe ukacheka kidogo mahali pake. Njia ilikuwa pana kama meza yangu ya kukatia, si nyembamba kama nilivyoogopa. Upande wa kushoto kulikuwa na ukungu, upande wa kulia niliona malisho yetu chini, na hema letu la kijani, dogo, wifi, kama kifungo cha shati.

Katikati upepo ukaja. Ukachuchumaa. Nami maneno yakaniishia. Nilitafuta, hakuna. Miezi yote ile ya kupanda na viazi, na kichwa kikawa kitupu kama bobini iliyokwisha uzi. Ukapiga kelele bila kugeuka, "Endelea!" Nikasema sina tena. Ukasema, "Sema chochote, Fundi, nakuomba."

Ndipo nikasema ile siku. Sikuipanga. Ndiyo iliyokuwa imebaki.

Nilikwambia ilikuwa alasiri, na kwamba hakuwa na maumivu tena. Aliniomba nimgeuzie mto upande wa baridi. Aliuliza kama mvua imeanua, nikamwambia bado inanyesha. Akaniangalia ninavyokwenda jikoni na kurudi, akasema, "Taa ya jikoni inacheza. Usiiguse, nitaitengeneza kesho." Nikamwambia sawa. Nilikwenda kumletea maji, niliporudi alikuwa ameshaondoka, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayewaza waya wa taa. Taa ile bado inacheza mpaka leo. Watu wamejitolea kuitengeneza, nimewakatalia.

Hayo niliyasema kwa sauti ya kawaida, maana upepo ulikuwa umepungua, nami nilikuwa natazama begi lako tu. Uliinuka nilipofika kwenye mto wa kitanda. Kwenye mvua ukaanza kutembea. Kwenye taa ulikuwa unakwenda kwa mwendo wa mtu aliyetumwa dukani. Begi lilikuwa linatikisika mabegani kwako. Sijui ulikuwa unacheka au unalia. Sikuuliza pale, na hapa siulizi. Nilipomaliza kusema, njia ilikuwa imeshapanuka, ulikuwa umekaa kwenye jiwe kubwa na Ukingo wote ulikuwa nyuma yangu. Ukaniambia, "Leta maji." Hilo tu.

Pale kileleni uliwaambia wale wanafunzi kwamba umenivuta kutoka chini mpaka juu. Walinitazama kwa huruma. Niliwaambia ni kweli, nikaendelea na yai langu. Lilikuwa na chumvi nyingi, wifi. Nilidhani ulikuwa umenuna.

Wiki ile imepita, na mimi sikuwa kwenye kiti. Nilikuwa na wewe. Kazi zimerundikana, malori hayasubiri, na leo mkono wangu umekata vipimo sawasawa tangu asubuhi.

Mwakani nitakuja tena, nikijaliwa. Nikishindwa, panda hata na mtu mwingine, na umpe kazi ya kukaa nyuma. Ukisikia anaishiwa maneno pale penye upepo, mpe habari zangu, zozote. Uwe unanikumbuka.

Wifi yako,
Fundi